Amri ya free inaonyesha MB 210 tu za RAM kwenye seva, tununue RAM?

seva_ngara: Wadau, seva ya ofisi hapa Ngara, Nairobi, ina RAM ya GB 8, Ubuntu 22.04, inaendesha MySQL (hifadhidata) na mfumo wa mauzo. `free -h` inatoa hivi:

```
       total  used   free   shared  buff/cache  available
Mem:   7.7Gi  2.4Gi  210Mi  180Mi   5.1Gi       4.9Gi
Swap:  2.0Gi  0B     2.0Gi
```

Bosi anataka tushuke Luthuli Avenue tukanunue RAM. Nithibitisheje kwanza kwamba imekwisha kweli?

fundi_wa_keneli: Pesa isitoke bado, ndugu. Soma safu ya available, si free. Linux haiachi RAM ikae bure: faili likishasomwa kutoka kwenye diski, nakala yake hubaki kwenye buff/cache ili likihitajika tena lisifuatwe kule. Programu ikidai nafasi, keneli (kiini cha Linux) huiachilia sehemu kubwa ya kache hiyo. Usijumlishe free na buff/cache mwenyewe. Kwako ingefika 5.3Gi, ilhali available ni 4.9Gi, maana kuna kache isiyoachilika, kama mafaili ya tmpfs (yanayokaa ndani ya RAM) yanayohesabiwa kwenye shared.

Ushahidi wa upungufu uko kwenye `vmstat 1 10`. Mstari wa kwanza uruke, ni wastani tangu mashine iwashwe. Tazama safu za `si` na `so` (swap in na swap out): zikipanda mfululizo, data inahamishwa huku na huku kati ya RAM na swap, yaani nafasi ya akiba kwenye diski, na hapo ndipo mfumo huganda. Zikikaa 0, RAM inatosha kwa wakati huo.

dada_terminal: Kujua nani anakula: `ps aux --sort=-%mem | head`. Soma RSS, yaani RAM ambayo prosesi (programu inayoendeshwa) imekalia, iko kwa KB. VSZ iache, ni anwani zilizotengwa tu, nyingi hazijaguswa kamwe. Ila RSS za prosesi mbalimbali hazijumlishwi, kwa kuwa maktaba za programu wanazotumia pamoja huhesabiwa kwa kila mmoja. Hesabu ya haki ni PSS, inayogawa sehemu za pamoja kwa wanaozitumia; weka namba ya prosesi badala ya PID:

`sudo grep '^Pss:' /proc/PID/smaps_rollup`

seva_ngara: Asanteni. `si` na `so` zote 0. Lakini juzi usiku MySQL ilizimika yenyewe.

fundi_wa_keneli: Hilo ungeanza nalo! free ya mchana haikuambii kilichotokea usiku. Endesha:

`sudo dmesg -T | grep -i "killed process"`

Kama mashine imewashwa upya tangu siku hiyo, tumia `sudo journalctl -k -b -1`. Ukiona mysqld (prosesi ya MySQL), usiilaumu haraka. RAM ikiisha keneli huua prosesi yenye oom_score (alama ya kuchagua wa kuuawa) kubwa, na kwa kawaida ni ile iliyokalia RAM nyingi, hata kama aliyemaliza nafasi ni mwingine, tuseme bakapu ya cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba). Juu ya mstari huo kuna jedwali la prosesi zote. rss ya humo ni kurasa za KB 4, kwa hiyo zidisha kwa 4 kabla ya kulinganisha.

dada_terminal: Kagua pia `innodb_buffer_pool_size`, kiasi cha RAM ambacho MySQL hutenga kwa kache ya data yake. Chaguo-msingi ni MB 128. Kama mtu aliipandisha hadi GB 6 kwenye mashine ya GB 8, ishushe kwanza, ndipo mzungumzie RAM.