Uso kwenye daftari la sanaa: ngozi inageuka majivu, penseli inachafua rangi

KurasaNaGundi

Wakuu, naombeni msaada. Nachora nyuso kwenye daftari la sanaa, lile la kuchanganya kila kitu: vipande vya karatasi vilivyobandikwa, rangi za akriliki, penseli za rangi, wino. Karatasi zake ni gramu 180 kwa mita ya mraba. Utaratibu ni huu: nabandika kurasa zenye maandishi, napaka jeso (rangi nyeupe ya kuandaa karatasi) tabaka moja, nachora uso kwa penseli ya 2B, kisha akriliki.

Ngozi nyeusi ikikauka inakuwa kama imepakwa majivu, hasa kwenye paji la uso na mashavu ninapoongeza nyeupe. Mistari ya penseli inasambaa na kuchafua rangi. Macho yanaonekana yametumbuka ingawa vipimo viko sawa. Halafu kurasa mbili zilizotazamana zikilala zimefungwa, asubuhi zimegandana. Nianze kurekebisha wapi? Sihitaji uso ufanane na mtu fulani, nataka tu uwe na uhai.

WinoMzito

Anza na penseli, hilo ndilo jepesi. 2B ni laini mno kwa kazi hii. Jeso ina chembechembe zinazoipa mkwaruzo, kwa hiyo inakwangua grafiti, ule unga mweusi wa penseli, nyingi kuliko karatasi tupu. Brashi yenye maji ikipita, unga ule unaingia kwenye rangi na kuitia kijivu. Sehemu ya majivu unayoyalalamikia inatoka hapo hapo.

Chora kwa HB au H, ambazo ni ngumu zaidi, bila kukandamiza, punguza kwa raba mpaka mistari ionekane kwa shida, kisha pitisha midiamu ya akriliki isiyong'aa (akriliki isiyo na rangi), tabaka jembamba, kwa brashi laini. Mipigo michache, usisugue. Iache dakika 15 hadi 20 ikauke. Baada ya hapo grafiti haitoki tena. Au chora kwa penseli ya kahawia isiyoyeyuka kwenye maji. Hata ikichungulia mahali, kahawia haiharibu ngozi.

Jeso tabaka moja juu ya maandishi haitoshi. Paka mawili membamba, la pili likikata la kwanza: moja la kulala, moja la kusimama. Ukitaka maandishi yaonekane kwa mbali, zimua jeso kwa maji sawa kwa sawa, lakini pale uso unapokaa paka nzito. Herufi nyeusi zikipita kwenye jicho au ncha ya pua, hakuna kivuli kitakachozishinda, kwa sababu mtazamaji anasoma neno kwanza. Ziache kwenye nywele, shingo na nyuma ya kichwa. Jeso ikikauka, pitisha msasa laini wa namba 400 mara mbili tatu hapo kwenye uso tu, na vumbi ulifute kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kulipuliza.

Gramu 180 itajikunja tu. Bandika kurasa mbili ziwe moja kabla ya kuanza.

KivuliNaNuru

Mwenzangu amesema kweli kuhusu grafiti, ila mkosaji mkubwa ni nyeupe. Nyeupe ya titani, yenye namba ya rangi PW6 kwenye tyubu, inafunika sana na ni ya baridi. Ukiitia kwenye kahawia yenye wekundu, inaua ukolevu na kuisukuma kwenye ubuluu. Ukishaipaka paji zima, huo ndio unga unaouona.

Rangi ya msingi ya ngozi nyeusi: amba iliyochomwa (kahawia iliyokolea) sehemu 3, siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) 2, oka ya njano (njano ya udongo) 1. Usishangae ukikuta amba na siena zote zimeandikwa PBr7. Zote ni udongo wa chuma, amba ina manganizi ya kutosha kuifanya iwe nyeusi zaidi. Soma jina, usitegemee namba peke yake.

Kivuli: amba na buluu ya ultramarini, PB29. Zikikaribia kulingana zinatoa weusi wenye kina kuliko nyeusi ya tyubu. Ukitaka kivuli chenye joto, mfano chini ya pua na ndani ya sikio, ongeza tone la majenta, PR122. Kama una nyekundu ya alizarini yenye namba PR83, usiitumie kwenye ukurasa utakaoachwa wazi. Inafifia kwa mwanga.

Kupandisha mwanga: usikimbilie nyeupe. Toka msingi nenda kwenye siena zaidi, kisha oka, kisha oka na chungwa kidogo. Nyeupe iingie mwishoni kabisa, na iwe imechanganywa na oka. Ngozi nyeusi inaonyesha mwanga kwa mng'ao: madoa madogo yenye kingo kali juu ya nyusi, kwenye mgongo wa pua, kwenye kilele cha shavu. Madoa hayo yanachukua rangi ya mwanga wenyewe. Mwanga wa dirishani unaleta ubuluu, wa taa unaleta uchungwa. Kwa maana hiyo ubaridi si dhambi, shida ni kuutandaza.

Jambo jingine linalowapoteza wengi: akriliki ikiwa mbichi gundi yake ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu kama kioo, kwa hiyo rangi inakolea. Paka mstari kwenye karatasi ya pembeni, kausha, ndipo uamue. Changanya iwe nyepesi hatua moja kuliko unayoitaka.

Na kabla ya hayo yote, weka vivuli vyote kwa rangi moja, amba iliyozimuliwa kwa midiamu: mashimo ya macho, chini ya pua, mdomo wa juu, chini ya mdomo wa chini, chini ya kidevu, upande mmoja wa uso. Viunganishe. Kivuli cha jicho kishuke kando ya pua bila kukatika. Finya macho uutazame ukurasa; uso usiposomeka kwa ngazi tatu tu za giza na mwanga, rangi hazitauokoa. Baada ya hapo ndipo unapaka tabaka angavu linaloonyesha la chini yake, rangi sehemu 1 kwa midiamu 4. Usitumie maji matupu, maana rangi iliyozidiwa maji inashika vibaya, na brashi inayofuata inaibandua madoa madoa.

MboniMbili

Mimi nachukua macho. Yanatumbuka kwa sababu mbili, na karibu kila mara zinakuja pamoja: weupe wa jicho umeachwa mweupe, na duara lenye rangi linaonekana zima.

Weupe wa jicho ni kijivu. Chukua rangi yako ya msingi, ongeza nyeupe na punje ya ultramarini, halafu uifanye nyeusi kuliko unavyothubutu. Kope ya juu inaangusha kivuli juu ya jicho, kwa hiyo utepe wa giza upite juu ya weupe na duara bila kubagua. Duara lenyewe likatwe juu na kope, karibu robo yake ifichike, na chini liguse kope ya chini au likaribie. Weupe ukionekana juu ya duara, mtu huyo ameshtuka, hata ukimchorea tabasamu.

Usizungushie jicho mstari mweusi pande zote. Kope ya chini ina unene: mstari mwembamba wa rangi nyepesi, wenye unyevu. Nuru iwe nukta moja kwenye ukingo wa mboni, upande ule ule kwa macho yote mawili, na sehemu ya duara iliyo mkabala nayo ipauke kidogo. Hapo kalamu nyeupe ya jeli inatosha, ila rangi iwe imekauka kabisa, la sivyo ncha inaziba.

MkasiWangu

Naafiki karibu yote, isipokuwa hili la kufifisha mistari. Kwenye daftari la aina hii mstari ni sehemu ya kazi. Ufifishe mwanzoni, sawa, lakini mwishoni urudishe kwa wino usiofutika: kope ya juu, pembe za mdomo, tundu za pua, ukingo wa taya upande wa kivuli. Kwingine acha wazi. Mstari kati ya midomo ndio mweusi kuliko wote. Mzunguko wa nje wa midomo usiuchore, rangi itaonyesha yenyewe. Jaribu wino kwanza: chora, subiri dakika 5, sugua kwa kidole chenye maji.

KurasaNaGundi

Asanteni sana, nimeelewa kosa la nyeupe. Mawili yamebaki: penseli za rangi zinateleza juu ya akriliki, na lile la kurasa kugandana. Je, nikaushe kwa kikaushia nywele?

WinoMzito

Penseli inateleza kwa sababu akriliki ikikauka ni plastiki laini. Paka jeso angavu, yaani isiyo na weupe, tabaka moja jembamba, itashika. Lakini mpangilio usiugeuze: vya maji chini, vya nta na mafuta juu. Pasteli ya mafuta ikitangulia, akriliki itakayofuata itabanduka.

Kurasa kugandana kunatokana na plastiki hiyo hiyo. Juu inakauka kwa dakika 20, ndani tabaka nene linachukua siku kadhaa au wiki, na hata baada ya hapo joto linalilainisha. Ukifunga daftari, nyuso mbili za plastiki zinashikana, na zinazong'aa ndizo mbaya zaidi. Weka karatasi ya kuokea katikati, malizia kwa vanishi isiyong'aa. Nta laini ya kupaka pia inafaa, ila iwe ya mwisho kabisa, maana baada yake hakuna cha maji kitakachoshika. Zilizokwisha gandana zivute polepole kutoka pembeni, ukurasa ukiwa umelazwa karibu sambamba na mwenzake. Zikianza kuchanika, badilisha kona.

Kikaushia tumia kwa joto la chini, umbali wa sentimita 30 hivi. Joto kali linatoa malengelenge kwenye karatasi zilizobandikwa. Na uache ukurasa upoe kabla ya kufunga.