Stori inasema wahi, wewe unacheza karata: mwendo wa stori kwenye gemu za kuigiza mhusika zenye ramani wazi (unazurura unakotaka), tupeane uzoefu

Mleta mada (Mwanga, Kigoma)
Wakuu, salaam. Nimemaliza The Witcher 3 wiki hii. Ni gemu la 2015, najua, ila kompyuta yenye uwezo wa kulibeba nimeipata mwaka huu. Unamcheza Geralt, mwindaji wa mazimwi, anayemtafuta Ciri, binti aliyemlea, na Wild Hunt, kundi la wapanda farasi wa kutisha, wanamwinda binti huyo. Kila mtu anakwambia wahi. Sasa kwenye baa ya kijiji cha kwanza tu kuna msomi anakufundisha karata za Gwent, na hapo ndipo mimi nilipopotelea. Jimbo zima la Velen nazunguka kutafuta kadi, binti wa watu yuko mafichoni, na hakuna kinachoharibika! Ukienda leo, ukienda baada ya masika, utamkuta palepale.

Nyie mnachezaje? Mnafuata stori moja kwa moja au mnazurura kwanza? Na gemu gani liliupatia mwendo wake? Toeni mifano, siyo "lile kali sana" halafu basi.

Pedi Mbovu (Ujiji)
Mimi ni mtoto wa banda la gemu, GTA San Andreas kwenye PS2. Msianze kuniambia siyo gemu la kuigiza mhusika. CJ, mhusika unayemcheza, akila ananenepa, akienda jimu anajenga misuli, akipiga bunduki sana ujuzi unapanda. Kwangu linaingia.

Lile gemu lilikuwa na breki. Unaanzia Los Santos, na ukijitia kuvuka kwenda miji mingine kabla stori haijafika, polisi wanakushukia na nyota nne, yaani msako mkali. Tulikuwa tunaona ni roho mbaya. Lakini ikifika misheni ya The Green Sabre, mtaa ulioupigania unakuponyoka na unatupwa mashambani huna kitu. Ile inauma kwa sababu ulishazoea kona zote za Los Santos. Wangeiacha ramani yote wazi tangu mwanzo, ningekuwa naujua mji wa Las Venturas zamani, na kutupwa porini kusingenishtua.

Shida yetu ilikuwa memori kadi ya banda. Unalipia saa lako, unasevu, unaondoka. Ukirudi kuna mtu kaendelea. Mimi CJ nilimwacha Grove Street, mtaani kwao Los Santos, nikaja kumkuta mji wa San Fierro ana gereji yake. Katikati pale nilisimuliwa na dogo aliyekuwa anasubiri zamu, na alikuwa anaongeza chumvi sana.

Mama Vault (Isevya, Tabora)
Hamjambo jamani. Mimi naleta la zamani, Fallout ya 1997. Chipu ya mtambo wa maji wa Vault 13, handaki mnaloishi baada ya vita vya nyuklia, imekufa, unapewa siku 150 utafute nyingine. Kwa mtu aliyekulia kwenye foleni ya ndoo, stori hiyo haihitaji utangulizi.

Na siku zinahesabiwa kweli. Kila safari kwenye ramani inakula siku, ukiamua kulala zinakwenda. Kuna wafanyabiashara wa maji kwenye mji wa Hub, ukiwalipa wapeleke maji kwenu unaongezewa siku 100. Hapo ndipo nilipoamini gemu linaweza kusema "wahi" na likamaanisha. Ila mwendo huo una gharama: niliruka vijiji vizima kwa woga, nikavirudia nilipoanza upya.

Sasa linganisheni na Fallout 4. Nilichagua kucheza kama mama. Mume kapigwa risasi mbele yangu, mtoto kachukuliwa, natoka kumtafuta, na kabla sijafika mbali kuna mwanaume ananiomba nimsaidie kujenga vijiji. Nipande mazao, nitandike vitanda! Mama gani huyo? Niliona aibu kuendelea, lakini nikajenga, maana kujenga kwenyewe kutamu.

Mbalamwezi (Kibirizi, Kigoma)
Dada umenivunja mbavu hapo kwenye vitanda. Mimi niko kwenye dagaa, nacheza siku za mbalamwezi tu, tukiwa hatuendi ziwani. Giza likirudi naacha gemu palepale. Kwa hiyo swali langu kwa gemu lolote ni moja: nikirudi, nitakumbuka nani ni nani?

Witcher hapo naisifia. Wakati inafunguka kuna sauti inakusimulia ulipoishia. Ila ninayoipenda zaidi ni Breath of the Wild ya 2017, naazima mashine kwa binamu. Link, shujaa unayemcheza, kalala miaka 100, vita vilishashindwa, na binti mfalme kamzuia Ganon, yule adui mkuu, muda wote huo. Aliyesubiri karne anaweza kusubiri mbalamwezi irudi. Na stori yenyewe ni kumbukumbu zimetapakaa kwenye ramani, unaokota yoyote unayoikuta. Ukitoka Great Plateau, eneo la kuanzia, unaruhusiwa kwenda kwa Ganon moja kwa moja, utapigwa tu.

Asali Mbichi (Tabora mjini)
Mimi naleta Skyrim, gemu la majoka. Usipoenda kuua joka la kwanza pale mnara wa karibu na mji wa Whiterun, majoka mengine hayaanzi kuzurura. Nilikaa kijijini nafua vyuma, dunia ikatulia kabisa. Sijui kama huo ni mwendo au usingizi.

Mleta mada
Asali, huo ni usingizi. Nisiionee Witcher lakini. Sehemu ya Baron wa Velen waliipatia: ana habari za Ciri, hatoi mpaka umtafutie mkewe na bintiye. Akisimulia kidogo, unamcheza Ciri mwenyewe kwa muda mfupi, halafu unarudishwa kazini. Kusubiri kumeingia ndani ya stori. Pale Gwent nilisahau kabisa.

Pedi Mbovu
Na mwisho wa siku Ciri ukamkuta salama? Hapana, usijibu, bado niko Velen.