Mrejesho: sufuria zimefaulu, chungu kimeshindikana

Mwezi uliopita niliomba ushauri wa kutenganisha vyombo vya nyama na vya maziwa katika jiko letu dogo hapa Nairobi, tukianza kuishi kikosheri (kufuata sheria za Kiyahudi za chakula, ambazo hazichanganyi nyama na maziwa). Nawashukuru nyote. Ili kuzitakasa, nilizisugua sufuria za chuma hadi zikang'aa, nikaziacha saa 24 bila kuzitumia, kisha nikazizamisha moja moja katika maji yanayotokota na kuzisuuza kwa maji baridi, rabi akaridhika. Chungu alichoniachia nyanya yangu, kwa kuwa udongo hunyonya chakula na hautakasiki kwa maji ya moto, sasa nimekipandia mrehani (kiliniuma kidogo). Kinachonishinda bado ni kusubiri kwa muda wa saa 6 baada ya nyama kabla ya kugusa maziwa: jana nilikwisha kumimina maziwa kwenye chai ndipo nikakumbuka pilau ya mchana.