Lenzi ya 18-135 au 55-250 kwa treni za mvuke na pwani? Naombeni ushauri

Mgogo_Picha: Habari za saa hizi wakuu. Nipo Dodoma, nina safari ya Uingereza na nikiwa kule nataka nizitafute zile treni za zamani za mvuke ambazo mpaka leo zinatembea, nizipige picha, na pwani yao pia. Kuna jamaa hapa Area C anauza lenzi mbili za Canon zilizotumika, 18-135 na 55-250 (hizo ni milimita, namba ikiwa kubwa inavuta mbali zaidi, ndogo inachukua eneo pana), hela yangu inatosha moja tu na anataka jibu kabla ya Jumapili. Nichukue ipi?

FundiLenzi: Mkuu swali umelileta nusu. Kamera gani? Lenzi gani unayo tayari? Unaenda mwezi gani, unafikia mji gani, maana reli za namna hiyo kule ni nyingi na hazifanani. Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Reli_Damu: 55-250, hakuna mjadala. Unasimama mbali kwenye kona, treni inakuja imekutazama usoni, moshi umejaa nyuma yake, lenzi ndefu inavuta kichwa cha treni, moshi na mlima vinakaa pamoja. Mimi treni za mizigo nazipiga Saranda pale reli inapopanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na lenzi fupi pale hupati kitu cha maana.

BintiSingida: Kaka Reli_Damu sikubaliani na wewe. Safari siyo kichwa cha treni tu. Kuna kituo, kuna abiria, kuna dereva na masizi usoni, kuna bandari. Ndani ya behewa 55 kwenye hizi kamera za sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) inavuta kama 88, unapata pua ya mtu basi. Achukue 18-135 atembee nayo siku nzima bila kubadilisha lenzi kwenye upepo wa bahari.

Mgogo_Picha: Samahanini wakuu. Kamera ni Canon 200D, ninayo ile 18-55 iliyokuja nayo. Naenda mwezi wa kumi, kozi fupi Leeds, nafasi ni wikiendi tu. Mfukoni laki nne na nusu.

FundiLenzi: Sasa tunaongea. 18-55 unayo, kwa hiyo 18-135 itakurudishia nusu ya kile ulicho nacho. 55-250 inaanzia pale yako inapoishia. Na kwa kuwa upo Leeds nenda reli ya North Yorkshire Moors, kuna basi la kutoka Leeds linapita York na Malton mpaka Pickering na Whitby. Reli yenyewe Pickering mpaka Grosmont ni kama kilometa 29, na kuna treni zinaendelea mpaka Whitby ambako ni bandari kabisa, na magofu ya abasia, yaani makao ya zamani ya watawa, juu ya jabali. Kwa picha kaa upande wa Grosmont kupanda Goathland, ule mlima ni mita moja kwa kila mita 49, kichwa kinafanya kazi kweli kweli na moshi unatoka wa kutosha. Kikiwa kinashuka hupati moshi, kinateleza tu. Angalia ratiba yao kabla hujalipa nauli.

Coast_to_Makole: Mnamnyima raha bure. Mtu anaenda Uingereza mara moja asione daraja la reli la Glenfinnan kule Scotland? Matao 21, juu kama mita 30, zege tupu bila nondo, reli ilifunguliwa 1901. Ukitoka Fort William kwenda Mallaig kaa kushoto, daraja limepinda kwa hiyo unaiona treni yako mwenyewe mbele inavuka. Mbele kuna mchanga mweupe wa Morar na visiwa baharini. Hapo 18-135 ndo mwenyewe.

Reli_Damu: Leeds mpaka Fort William kwa wikiendi moja? Atapiga picha ya kiti cha treni.

Mama_Kamera_Kisasa: Wanangu mnabishana ipi wakati hakuna aliyemuuliza hiyo lenzi imekaguliwa na nani. Ngoja niwaeleze. Mimi nilinunua 55-250 kwa kijana aliyesema anapiga harusi, tukakutana stendi jioni giza limeingia, boksi lipo, kifuniko kipo, kaipachika kwenye kamera yangu, inafokasi vizuri, nikatoa hela. Kesho yake naenda Pangani na familia, asubuhi jua linachomoza juu ya maji, kila picha ninayopiga kuelekea jua imefifia, weupe umetanda, ngalawa hata haionekani rangi. Nikadhani ni unyevu, nikafuta, wapi. Kurudi nyumbani nikawasha tochi ya simu nikaielekeza kwa nyuma ya lenzi, nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa pembeni ya kioo cha ndani kama mizizi ya mchicha. Kuvu. Namba ya yule kijana haipatikani mpaka leo. Fundi akaniambia kuvu imeshakula ule utando wa juu ya kioo, hata ikisafishwa alama inabaki. Lenzi iliyokaa pwani muda mrefu ndani ya begi bila hewa inapata hivyo, kwa hiyo Mgogo muulize huyo jamaa ilikuwa inatumika wapi kabla ya Dodoma. Piga tochi mbele na nyuma, zungusha zumu mwanzo mpaka mwisho, piga picha ukutani uone pembe zote nne.

Mgogo_Picha: Asante sana mama, hilo sikulifikiria. Jamaa alihamia huku kutoka Tanga.

BintiSingida: Tanga tena!! Kagua vizuri kaka.

Coast_to_Makole: Na nunua filta ya UV, chumvi ya bahari siyo mchezo.

FundiLenzi: Filta ya bei rahisi inaongeza mng'ao ukipiga kuelekea jua. Bora hudi, kile kikofia cha mbele ya lenzi cha kuzuia jua, na kitambaa chenye unyevunyevu kidogo ufute chumvi jioni.

Coast_to_Makole: Nimepiga miaka yote na filta sijaona huo mng'ao.

Reli_Damu: Mgogo kitu kingine, kichwa cheusi na mvuke mweupe vinaichanganya kamera, piga RAW, yaani faili ghafi unayoweza kurekebisha baadaye, na ulinde mvuke usiungue ukawa weupe mtupu. Shata 1/500 ya sekunde kwenda juu treni ikija, ukitaka kuifuata kwa ubavu shuka 1/60, jizoeze na bodaboda hapo mjini. Baridi ya mwezi wa kumi itakusaidia, mvuke unapoa haraka hewani unakuwa matone madogo, unaonekana mnene. Halafu BintiSingida unajua kichwa namba 3020 kilichopo makumbusho ya reli Nairobi kinaitwa Nyaturu? Kilijengwa Glasgow 1955. Na zile Garratt, vichwa vya mvuke vikubwa kabisa, zilipewa majina ya milima, 5918 ni Mount Gelai, 5930 ni Mount Shengena, milima ya kwetu hiyo.

BintiSingida: Weeee! Nyaturu? Jina letu lipo kwenye treni na sikuwahi kuambiwa! Bado kinawaka?

Mama_Kamera_Kisasa: Inauma lakini. Reli imefika Dodoma 1910, Kigoma 1914, na sisi hatuna hata kichwa kimoja cha mvuke cha kupanda wajukuu zetu wakaona.

Coast_to_Makole: Watu wapo bize na SGR mama. Ambayo picha dirishani ni mateso, kioo kinarudisha taa za ndani.

FundiLenzi: Bandika lenzi kwenye kioo na ufunike na koti jeusi.

BintiSingida: Jamani Nyaturu inawaka au haiwaki, Reli_Damu nijibu. Kutoka Singida kwenda Nairobi napita Arusha na Namanga si ndiyo?