Naomba ushauri: mswada wa kaunti kuhusu ambulensi na matibabu ya dharura

Ndugu wanasheria na wahudumu wa afya, salaam. Kikundi chetu cha wahudumu wa afya ya jamii kinaandaa maoni kuhusu mswada wa huduma za dharura utakaowasilishwa katika bunge la kaunti yetu.

Tunafahamu kwamba Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inatoza hospitali iliyokuwa na uwezo lakini ikakataa kumhudumia mgonjwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Sheria hiyo inahesabu pia huduma anayopewa mgonjwa kabla hajafika hospitalini, na ambulensi ziko chini ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Hata hivyo, mama mwenye uchungu wa kujifungua bado huzuiwa langoni akidaiwa amana, na hilo linatuumiza sana.

Je, mswada unaweza kumlazimisha msimamizi wa zamu aandike sababu ya kumkataa mgonjwa? Na ambulensi ikivuka mpaka wa kaunti, gharama ailipe nani? Mwenye kujua vifungu vinavyofaa, tafadhali atuelekeze.