Spika mpya kwa amplifaya ya zamani

Swali, kutoka Katuba, Lubumbashi: Ndugu zangu, amplifaya yangu hutoa wati 40 kwa spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), nami natamani spika kubwa za omu 4 ili magita ya rumba yasikike vizuri sebuleni. Je, itazimudu?

Jibu: Ndugu, soma kwanza maandishi yaliyo nyuma ya amplifaya, karibu na matundu ya nyaya, kwani ikiwa yanataja omu 8 pekee, spika za omu 4 zitavuta mkondo maradufu na huenda zikaiunguza.

Jibu: Naongeza kwamba kwa sauti ileile, spika ya desibeli 90 (yaani kiwango cha sauti inachotoa kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja) huhitaji nusu tu ya wati zinazohitajiwa na ya desibeli 87. Ukubwa wa boksi usikudanganye.

Muulizaji: Asanteni. Imeandikwa omu 8 hadi 16, kwa hiyo nitatafuta za omu 8.