Kwa nini asili, yaani namba za chini za sehemu, hazijumlishwi, ilhali alama za mazoezi hujumlishwa?

Mzazi wa Darasa la Tano ameuliza:

Shikamooni walimu, na salamu kwa wengine wote. Binti yangu alipewa swali la kujumlisha 1/2 na 1/3, akaandika 2/5, na mwalimu wake akamwekea alama ya kosa. Nilimweleza kama nilivyofundishwa zamani, kwamba asili hazijumlishwi, bali hutafutwa kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote, ambayo hapa ni 6, ndipo tupate 3/6 na 2/6, jumla yake 5/6. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua daftari na kunionesha mahali ambapo mwalimu huyo huyo alimpa 7/10 katika zoezi la kwanza na 8/10 katika zoezi la pili, na chini yake akaandika kwa wino mwekundu 15/20. Akaniuliza, "Mbona yeye amejumlisha juu na chini?" Sikuwa na jibu. Aliongeza kwamba katika kuzidisha hakuna anayetafuta kigawe cha shirika, na katika kugawanya sehemu ya pili hupinduliwa tu. Kanuni zote hizo ninazikumbuka, lakini ninazikumbuka kama mtu anavyokumbuka wimbo wa utotoni. Nitashukuru kwa atakayenieleza sababu.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Marahaba. Mpongeze binti yako, kwa kuwa swali hilo nililingoja kwa wanafunzi miaka mingi na ni wachache walioliuliza.

Mwalimu wake hakukosea, ila alichoandika hakikuwa kujumlisha sehemu. Maandishi 7/10 na 8/10 katika daftari yana maana ya maswali 7 kati ya 10 na maswali 8 kati ya 10 mengine. Mazoezi mawili yalipounganishwa, kizima chenyewe kilikua kutoka maswali 10 hadi maswali 20, na ndiyo maana namba ya chini ilibidi ikue pamoja nacho. Katika 1/2 na 1/3 za swali lake, kizima ni kile kile kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimpa nusu ya mkate, kisha ukamwongezea theluthi ya mkate wa ukubwa ule ule, unamuuliza amepata kiasi gani cha mkate mmoja, wala humuulizi habari za mikate miwili. Zile 7/10 na 8/10 nazo zingekuwa vipande vya mkate mmoja, jumla yake ingekuwa 15/10, yaani 1 na nusu.

Mwoneshe pia kwamba 2/5 ni ndogo kuliko 1/2 aliyoanza nayo, kwa maana ya kwanza ni 4/10 na ya pili ni 5/10. Aliongezewa mkate akabaki na mdogo zaidi! Mtoto akishazoea kujikagua hivyo, kosa hilo halidumu.

Kuhusu sababu yenyewe, asili ni jina la ukubwa wa kipande, na kiasi, yaani namba ya juu, ndicho kinachohesabu vipande. Wazee wetu walipima nafaka kwa pishi na kibaba, na pishi moja ilikuwa vibaba 4. Hakuna aliyejumlisha pishi 1 na kibaba 1 akasema ana pishi 2. Ilimbidi kwanza aigeuze pishi kuwa vibaba, ndipo aseme ana vibaba 5. Kutafuta asili ya shirika ni kazi hiyo hiyo.

Fundi Seremala amejibu:

Ninakubaliana na Mwalimu, nami kazini nafanya hivyo kila siku bila kuandika popote. Ubao wa robo tatu ya inchi nikiubandika juu ya mwingine wa 5/8 ya inchi, ninahesabu kwa thumuni (sehemu ya nane), yaani 6 na 5, nikapata thumuni 11, ambazo ni inchi 1 na 3/8. Ningependa tu kuongeza kwamba si lazima asili ya shirika iwe ndogo kuliko zote. Mtu akizidisha asili kwa asili atafika, ila atachoka: katika 5/12 na 7/18 atapata 174/216 na kuanza kurahisisha, wakati aliyetumia 36 ameshapata 29/36 na kufunga daftari.

Mwanafunzi wa Mirathi amejibu:

Katika elimu ya mirathi ya Kiislamu namba hiyo ya shirika huitwa asili ya mas'ala, na kuna mahali ambapo hubadilishwa kwa makusudi. Mwanamke akifariki na kuacha mume, mama na mabinti wawili tu, mume ana 1/4, mama 1/6 na mabinti 2/3. Kwa asili ya 12, mafungu ni 3, 2 na 8, ambayo jumla yake ni 13, zaidi ya mali yote. Kwa Wasuni, asili hupandishwa kutoka 12 hadi 13, jambo linaloitwa aul, na mume huchukua 3/13 badala ya 3/12. Fungu la kila mmoja hupungua kwa uwiano ule ule. Tazama kwamba kiasi hakikuguswa: ilibadilika asili peke yake, na thamani ikabadilika. Anayegeuza 1/2 kuwa 3/6 huzidisha juu na chini kwa namba moja ili thamani ibaki vile vile. Binti yako alipoandika 5 mahali pa 2 na 3, alibadilisha ukubwa wa vipande bila kuwaambia wenye mali.

Mwalimu Mstaafu ameongeza:

Mfano mzuri sana huo, ndugu yangu. Nilisahau kuzidisha na kugawanya. Kuzidisha 1/2 kwa 1/3 ni kuchukua nusu ya theluthi, yaani kukata upya kipande kilichokwisha kukatwa, na theluthi zote tatu zikikatwa katikati vipande vinakuwa 6. Asili mpya huzaliwa yenyewe, hakuna cha kulinganisha. Katika kugawanya, mwambie aache kwanza kupindua. Katika 3/4 ÷ 2/3, aandike 9/12 ÷ 8/12, kisha ajiulize vipande 8 vinaingia mara ngapi katika vipande 9 vya ukubwa ule ule. Jibu ni 9/8. Baada ya hapo azidishe 3/4 kwa 3/2 aone anapata nini.

Mzazi wa Darasa la Tano ameandika:

Ninashukuru sana. Amepata 9/8 kwa njia zote mbili, na sasa anataka kujua pishi ni nini.